Kitambala chini ya kiti

Ndugu msomaji, kama unakaa Koni ao uliisha kupita huku hata mara moja wakati wa kiangazi, unajua vumbi letu. Ni jekundu, ni laini kama unga wa muhogo, na linaingia popote: ndani ya sahani, ndani ya Biblia, ndani ya masikio ya watoto. Kuanzia mwezi wa tano mpaka mvua za kwanza, kila motokari inayotoka Likasi inafika hapa ikiwa na rangi moja, hata kama ilitoka nyumbani nyeupe ao nyeusi. Motokari yangu mimi ni ya buluu nzito, karibu nyeusi. Ni juu ya ile motokari ninataka kuandika mwezi huu, na juu ya kitambala kimoja kilichokaa chini ya kiti chake miaka mingi. Wengine watasema: "Huyu mzee amekosa habari, sasa anatufundisha kusafisha motokari katika gazeti la kanisa." Munivumilie kidogo. Kile kitambala kiliniondolea kitu kikubwa kuliko rangi.

Kwa wale wasiotujua, Koni ni kituo kidogo kwenye mto Lufira, upande wa mashariki ya Likasi. Juu yetu, kule maji yanakotoka, kuko Mwadingusha na ziwa Tshangalele, na santrali iliyoanza kutoa umeme mwaka 1930. Santrali yetu ilifuata mwaka 1950, na mashini tatu za megawati 14 kila moja. Umeme ule ulikuwa wa migodi na viwanda vya shaba. Sisi watoto wa kambi tulikulia ndani ya sauti ya maji yake, hata usiku mutu akizoea kwenda mahali pengine hapati usingizi, anasema kuko kimya sana.

Baba yangu alifanya kazi ndani ya santrali. Alikuwa mutu wa maneno machache, lakini juu ya vitambala alikuwa na sheria moja kali: kitambala cha kupanguzia mashini kikianguka chini, hakirudi tena kwenye mashini. Kinaenda kupanguza viatu. Alituambia kwamba punje moja ya mchanga ikiingia pale chuma kinapozunguka ndani ya chuma, inakula usiku na mchana, na wewe hautaisikia mpaka siku itakapokuwa imeisha kuharibisha kila kitu. Nilikuwa mutoto. Nilidhani ni maneno ya mashini kubwa tu, hayatuhusu sisi wengine.

Motokari niliinunua mwaka 2016 kule Lubumbashi. Ni Toyota Corolla, moja ya zile zinazotoka Japani, zinapita bandari ya Dar es Salaam na kuingia kwetu kwa mpaka wa Kasumbalesa, volani ikiwa mukono wa kuume. Iliisha kutumika kwa wenyewe, lakini rangi yake ilikuwa bado kioo. Mke wangu alifunga kitambala chake cha kichwa akijitazama kwenye mulango wa nyuma. Haikuwa motokari ya kutembelea bure. Ilipeleka bamama wa kuzaa usiku, ilibeba ngoma za kwaya, ilibeba mifuko ya makala na samaki wa Tshangalele, na harufu ya samaki, ndugu, haitoki kwa maombi.

Mpwa wangu, mutoto wa dada yangu wa Likasi, alikuwa anakaa kwetu wakati ule. Kila siku ya posho alioga motokari, bidoni tatu za litre 20. Alianza kwa kumwanga maji peke yake, mengi, kutoka juu ya paa mpaka chini, mbele ya kuigusa na mukono. Mimi nikitoka nje nilimukemea.

"Weye mutoto, unamaliza mayi ya mama bule! Panguza tu!"

"Mjomba, mayi inatosha bulongo kwanza."

"Bulongo inatoka na kitambala. Mimi njo niliinunua, ao ni weye?"

Alinyamaza, akaendelea kumwanga maji kidogo kidogo, kama mutu anayeiba.

Na siku ya yenga asubuhi, mbele ya ibada, ilikuwa zamu yangu. Vumbi la usiku liliisha kukaa tena juu ya motokari. Nilivuta kitambala changu chini ya kiti: kipande cha shati la kazi la zamani, pamba tupu, kimelainika kwa miaka. Nilipanguza kavu, mukono ukizunguka: kapo ya injini, milango, paa, kisha mpaka kwenye magurudumu. Dakika kumi tu, na motokari inang'aa. Nilikipiga kitambala mara mbili kwenye mupira ili kitoe vumbi, nikakirudisha chini ya kiti kingojee posho ingine. Mbele ya kanisa watu walisema, "Mzee, motokari yako kila siku mupya!" Nilipenda kusikia vile. Sitaficha.

Mwaka 2019 binti yetu alipata diploma ya Serikali na alitaka kwenda kusoma uuguzi Lubumbashi. Pesa hatukuwa nazo. Mke wangu na mimi tulizungumza usiku mingi, tukapatana: tutauza motokari. Mufanyabiashara mmoja wa Likasi alisikia. Kwa telefone tulikubaliana dola 4,500, "kama iko muzuri vile unasema, mukubwa." Ilitosha kulipa mwaka wa kwanza, chumba cha kukaa, na kitu kidogo kubaki.

Alifika mwezi wa nane, asubuhi, jua lingali chini. Tangu alfajiri niliisha kupanguza motokari mara tatu kwa kitambala changu. Yule mutu hakuangalia injini kwanza. Alijikunja, akaangalia mulango kutoka upande, uso karibu ushike chuma. Kisha alitoa telefone, akawasha taa yake, akaipitisha polepole juu ya kapo. Nami nikaona. Pale taa ilipopita, rangi ilijaa mistari myembamba inayozunguka, miviringo ndani ya miviringo, kama utando wa buibui. Ilikuwa kila mahali: milango, paa, kapo. Miaka mitatu nilikuwa ninaiangalia motokari nikisimama, nami sikuwa nimeiona.

"Mukubwa," alisema, "hii motokari walipanguza na mchanga. Hii ni ya kupaka rangi mupya. Natoa 3,600."

Mpwa wangu alikuwa amesimama pale, ndoo mukononi. Jirani wawili walikuwa pale, na mke wangu, na binti yangu kwenye mulango wa nyumba. Nilisikia moto unapanda kichwani. Nilimuonyesha kwa kidole.

"Ni huyu! Njo anaosha kila posho. Mutu anakulisha, anakuvalisha, na weye unamukwangulia mali yake!"

"Mjomba, mimi natumikisha mayi..."

"Nyamaza!"

Alinyamaza. Aliweka ndoo chini, polepole, kama ina mayai ndani. Mimi nikamwambia mununuzi kwamba kwa dola 3,600 heri motokari ioze hapa Koni. Akaenda zake. Kesho yake mpwa wangu akapanda kamio ya samaki, akarudi kwa mama yake. Hakuna aliyemufukuza kwa neno. Lakini mutoto anajua wakati nyumba imemufukuza.

Binti yetu hakwenda Lubumbashi mwaka ule. Alikaa nyumbani, anapika vitumbula na kuviuza asubuhi karibu na masomo. Mwaka 2020 korona ikaja, masomo yakafungwa inchi nzima. Watu walituambia, "Ona, hata wale walioingia wamesimama." Ndiyo, walisimama, lakini walisimama wakiwa ndani. Yeye alisimama nje. Hakunisemesha vibaya hata siku moja, na ile ndiyo iliniumiza zaidi.

Mwaka 2021, mwaka ule mashini sita za Mwadingusha zilimalizika kutengenezwa upya, tulipata kilio katika jamaa yetu ya Likasi. Nilishuka na motokari. Siku ya pili dada yangu alikaa karibu nami, akasema bila kuniangalia:

"Mutoto anatumika kwa lavaji, kule kwa barabara. Utarudia Koni bila kumusalimia?"

Nilienda. Motokari ilikuwa na vumbi la safari yote, unaweza kuandika jina juu yake. Mpwa wangu aliniona, akaacha kazi yake, akanipa mukono wa kuume, wa kushoto ukishika kiwiko, kama vile alivyofundishwa nyumbani. "Jambo, mjomba. Mama yuko muzuri? Yaya yuko muzuri?" Yaya ni binti yangu. Nikajibu kwamba wako wazima. Hatukuwa na maneno mengine. Ndipo akasema, "Leta, nikuoshee."

Alianza kama zamani, na maji tupu. Mimi, kwa haya ya kusimama bure, nikafungua mulango, nikavuta kitambala chini ya kiti ili nimusaidie upande wa pili, mahali maji hayajafika. Akakuja mbio.

"Mjomba, ngoja. Nipe ile kitambala."

Aliitazama. Akachukua karatasi nyeupe, akaikung'uta juu yake. Vumbi jekundu likaanguka, na ndani ya vumbi, punje ndogo zinazometameta. Akauliza kama ndani ya motokari kuko CD isiyoimba tena. Ilikuwapo moja, ya kwaya yetu, imekufa zamani. Akageuza upande unaong'aa, akaweka kitambala changu juu, akazungusha kidole mara tano, bila kukaza. Upande wa pili wa CD akaumwangia maji, akaupanguza na serviete ingine, ya kijani, laini kama manyoya ya kifaranga. Kisha akaniwekea CD mukononi, akarudi kwenye kazi yake. Hakusema kitu.

Niliigeuza kwenye jua. Upande wa serviete ya kijani ulikuwa vile vile, safi. Upande wa kitambala changu ulikuwa na miviringo ndani ya miviringo, utando wa buibui. Ile ile ya mulango. Ile ile ya kapo. Nilikaa juu ya tofali pale nje ya lavaji, na CD mukononi, na nilikumbuka kidole changu kikimuonyesha mutoto mbele ya watu.

Hapa nitawaeleza vile nilivyojifunza kwake, maana kuko vijana wengi wanaosoma gazeti hili, na wengine wanatafuta kazi ya mikono. Juu ya rangi ya motokari nyingi za siku hizi kuko verni isiyo na rangi. Ndiyo inayong'aa na kulinda rangi ya chini. Unene wake ni kama mikroni 40 ao 50, maana yake karibu na unywele mmoja wa kichwa, mara nyingi chini yake. Na ndani ya vumbi letu kuko punje za kwarzi, lile jiwe jeupe watoto wanaokota kwenye milima. Kwarzi ni ngumu kuliko kisu cha chuma. Ukipanguza kavu, haupanguzi vumbi, unalisukuma juu ya verni. Pamba yenyewe ni laini, haina kosa, lakini nyuzi zake ni nene, punje inabaki juu yake na kutembea pamoja na mukono wako. Ukizungusha mukono, mistari nayo inazunguka. Jua likiwa upande, kila mustari unashika mwangaza.

Ile serviete ya kijani inaitwa mikrofibre. Imefumwa kwa nyuzi za poliesta na nailoni, nyembamba kuliko hariri: ukichukua uzi mumoja wa kilometre 9 nzima, uzito wake haufiki gramu moja. Kazi ya nyuzi nyembamba namna hii ilipata nguvu huko Japani. Mwaka 1970 mutu mumoja anayeitwa Miyoshi Okamoto, wa kampuni ya Toray, alitengeneza nazo kitambaa kinachofanana na ngozi laini ya munyama, wakakiita Ultrasuede. Kwa serviete za kusafishia, kila uzi unapasuliwa kwa urefu, vipande vyake vinabaki na kona kama vipande vya chungwa. Katikati ya vile vipande ndipo vumbi na maji vinaingia na kukaa, vinaachana na rangi. Ndiyo sababu inakunywa maji mengi hivi.

Lakini mpwa wangu aliniambia neno ambalo wauzaji wa sokoni hawalisemi: mikrofibre chafu inakwangua sawa na shati langu. Tena pengine zaidi, maana ile inayoshika vumbi vizuri inashika na mchanga vizuri. Serviete haitoe dhambi ya vumbi kavu. Maji njo ya kwanza, kama alivyosema akiwa mutoto wa nyumbani kwangu.

Nilimwangalia akifanya kazi saa nzima. Motokari alikuwa ameisogeza kwenye kivuli, maana kwenye jua sabuni inakauka mbele ya kuondolewa na kuacha alama. Alikuwa na ndoo mbili. Moja ya sabuni, sabuni ya majimaji ya motokari, si ya unga ya kufulia nguo. Ingine ya maji tupu: kila alipopanguza mahali kidogo, alisuuza serviete ndani ya ndoo ya maji tupu kwanza, ndipo alipoirudisha kwenye sabuni. Mwisho wa kazi nilichungulia ile ndoo ya kusuuzia. Chini yake kulikuwa bulongo nyekundu ya kujaza kiganja. Ile bulongo yote, siku zangu, ilikuwa inatembea juu ya verni.

Alianza juu ya paa, akashuka. Alivuta mukono kwa mustari, si kwa kuzunguka. Sehemu za chini ya milango, zile zinazopigwa na bulongo ya magurudumu, alizifikia mwisho, na magurudumu yenyewe alikuwa na kitambala chao, cha zamani, chenye fundo kwenye pembe ili kisichanganyike na vingine hata gizani. Kwa kukausha alichukua serviete safi, akaikunja mara mbili. Ukiikunja vile inakupa sura nane. Sura moja ikiloa ao ikichafuka, unageuza, unapata ingine safi. Hakukaza mukono hata kidogo. Aliilaza juu ya kapo, akaivuta polepole, na maji yakapotea.

"Hizi mistari zitatoka?" nilimuuliza.

"Zingine, mjomba. Zile ndogo, tukipitisha dawa ya kupolisha. Zile zenye ukucha unasikia, hazitoke. Dawa inakula verni, na verni haikue tena."

Nilikuwa nimekuja na neno, nami lilinikwama kooni. Nilisema tu, "Asante, mutoto." Nikalipa. Alikataa pesa, nikaziacha juu ya ndoo.

Usiku, pale kwenye kilio, dada yangu aliniambia, "Ulimutukana mbele ya watu. Musamaha wa pembeni haunenepeshe mutu." Dada yangu hajasoma sana, lakini yeye ni mukubwa kwangu. Kwa hiyo kesho yake, wakati jamaa walikusanyika kula, na mpwa wangu akigawa maji ya kunawa, nilisimama. Nilieleza habari ya mununuzi, ya kidole changu, ya kitambala. Wengine walicheka waliposikia habari ya CD, kisha waliacha kucheka. Nilimwambia: "Mupwa wangu, weye ulisema kweli, nami nilikufungisha kinywa. Motokari niliikwangua mimi mwenyewe, kila siku ya yenga, nikienda kuomba Mungu." Alibaki na birika mukononi. Alisema, "Mjomba, imeisha." Kisha akaendelea kuwanawisha watu, na alipofika kwangu alinimwangia maji mengi, mengi sana, mpaka yakaingia kwenye mikono ya shati. Watu wote waliona. Nadhani lile lilikuwa jibu lake la kweli.

Alinipa serviete sita za kurudi nazo Koni. Ni hapa nilipata aibu ya pili, na hii inawahusu bamama. Sisi huku tunapiga pasi kila nguo, hata soksi, juu ya ule nzi anayetaga mayai kwenye nguo zilizoanikwa nje, kisha funza inaingia katika ngozi ya mutu. Ni desturi nzuri, musiiache. Mke wangu alizifua zile serviete pamoja na taulo za pamba, akaongeza ile dawa ya kulainisha nguo, akazianika kwenye majani, na jioni akazipiga pasi ya makala. Mbili zilishikamana na pasi kama mupira uliochomwa. Nne zingine ziligeuka ngumu pembeni, na zilijaa manyoya ya taulo. Mikrofibre ni plastiki, bandugu. Haipendi moto mukali, haipendi kuchemshwa. Dawa ya kulainisha inaziba nyuzi zake, haikunywi maji tena. Inafuliwa peke yake, maji ya baridi ao ya vuguvugu na sabuni kidogo, inasuuzwa sana, inaanikwa kivulini ndani ya nyumba mahali vumbi halifiki, na inawekwa ndani ya sashe iliyofungwa. Pasi haihitaji, kwa sababu hakuna mutu atakayeivaa. Mke wangu aliniuliza, "Na juu ya nini haukunieleza?" Alikuwa na haki. Nilikuwa na zamani ya kutoeleza.

Neno lingine moja kwa vijana wanaoshusha motokari mpaka ndani ya Lufira na kuioshea pale. Nimeona mara mingi mafuta ya injini yakishuka juu ya maji kama upinde wa mvua, na chini kidogo mama mumoja anachota maji ya kupikia. Ndoo mbili nyumbani zinatosha, na nyingine moja ao mbili za kumwangia kwanza. Maji machafu muyamwange kwenye bulongo, mbali na kisima. Serviete hizi nazo zinaacha vinyuzi vidogo vya plastiki zikifuliwa, na samaki hawana kazi navyo.

Binti yetu aliingia masomo ya uuguzi mwishoni mwa mwaka 2021. Pesa hazikutoka kwa motokari. Zilitoka kwa likelemba ya mama yake, kwa shamba la mahindi, na kwa safari za usiku za ile Corolla. Alimaliza mwaka 2024, nyuma ya rafiki zake aliosoma nao sekondari. Hesabu ya ile miaka ninaijua, nami siipunguzi.

Kiangazi kilichopita mpwa wangu alipanda Koni kwa siku tatu. Siku ya posho tulisafisha motokari pamoja chini ya muembe, yeye upande wake, mimi wangu. Ile mistari mikubwa ingali, ukijikunja wakati jua liko chini unaiona. Nilikuwa ninakausha kapo, nikizungumza mambo ya mvua, serviete ikaniponyoka, ikaanguka chini. Niliinama kuiokota. Ilikuwa na bulongo upande mumoja tu, upande mwingine ulikuwa safi kabisa, na ilibaki sehemu ndogo, kama kiganja, ya kumaliza.

Niliinua macho. Mpwa wangu alikuwa ananiangalia juu ya paa.

Nilipanguza nayo viatu vyangu, nikachukua ingine.